Ngome ya Nne, Tena

Temeke Mtoni, 1995

Jumatatu, 6 Machi
Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Limebaki nusu, na mimi nimebaki nusu, basi tutamalizana. Mvua imeanza leo mchana wakati natoka shuleni, nimefika nyumbani nimelowa mpaka madaftari ya watoto. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani, anatazama maji yanavyoingia kwenye banda la chuo chake cha Kurani. Nikamwamkia. Akajibu, "Bado."

Ndilo neno alilobaki nalo. Maalim Mwinjuma, aliyehifadhi juzuu zote thelathini na kuwasomesha nusu ya watu wa mtaa huu, alipooza upande wa kulia mwezi wa Desemba, na tangu siku hiyo ana neno moja. Umeshiba? Bado. Unaumwa? Bado. Mwanzoni nilikuwa nacheka kisha nalia. Siku hizi nampa dawa tu, naendelea na kazi.

Alhamisi, 9 Machi
Kaka Sadallah amekuja kutoka Kinondoni, na mwavuli mkubwa wa kampuni ya matairi. Yeye ndiye mkubwa wetu, anauza vipuri vya magari, na kila akija siku hizi haangalii nyumba, anaangalia banda la chuo lililo mbele ya nyumba, barabarani.

"Hapa zinatoka fremu sita za maduka," akasema. "Sita, Nusaiba! Nchi imefunguka, kila mtu ana fremu, sie tunafuga popo."

"Ni chuo cha Baba."

"Mzee hajui tena kama ana chuo. Hospitali si ulikuwepo? Daktari kampa karatasi aandike jina lake, kachora michirizi. Kaandika mwenyewe yule daktari, mgonjwa hawezi kuandika. Akili imeshaondoka. Sie ndo wa kuamua sasa."

Nikamwambia akili ipo. Akasema nionyeshe. Sikuwa na cha kumwonyesha. Kikao cha familia ni baada ya Idi ya kuchinja, na Baba ataweka dole gumba kwenye karatasi ili mambo yaende kihalali.

Jumatano, 15 Machi
Kokushubila, mpangaji wetu wa chumba cha uani, ni nesi. Leo amemkagua Baba mkono wa kushoto, akaniambia kwa ile sauti yao ya Bukoba isiyo na haraka, "Mwalimu, huu mkono unahitaji kazi. Si kuminya mpira. Kazi ambayo asipoifanya, inakwama."

Nimewaza kutwa nzima ni kazi gani. Nimepata moja, na nitachekwa.

Farhan, mdogo wetu wa mwisho, alipokwenda Dubai alituachia mashine ya gemu na kaseti moja. Gemu lenyewe ni la Kijapani, jina lake hatulijui, Farhan aliliita Ngome. Kuna msafiri mwenye kofia pana anapita ngome saba, akitafuta funguo. Nilianza kulicheza baada ya Baba kuugua, saa za jioni, badala ya kusahihisha. Sioni aibu kuandika hivyo humu. Nimefika ngome ya nne.

Gemu hili halijui kukumbuka. Ukizima, au umeme ukikatika, na hapa Mtoni hukatika bila salamu, msafiri amekwisha na funguo zake zote. Ila kila ukimaliza ngome, kioo kinaonyesha alama kumi na sita za maandishi yao. Ukiziandika, kesho unazichagua tena moja moja kwa pedi, kile kidude cha vitufe, kwa mpangilio uleule, na msafiri anaamka palepale alipoishia na kila alichokuwa nacho. Ukikosea moja, mashine inaguna na kukukatalia. Yaani lenyewe linakwenda kulala, kazi ya kukumbuka linakuachia wewe. Hadi sasa nimeziandika mimi. Kuanzia leo mwandishi ni Baba.

Jumanne, 21 Machi
Nimechora alama zao zote kwenye karatasi ya manila na kuitundika ukutani. Kwa kuwa hatuwezi kuzisoma, tumezipa majina: Ndoana, Ngazi, Kibiongo, Mkia wa Panya, Aliyekaa, Uma, na kadhalika. Baba amezikazia macho siku tatu. Nilimwona anazifuatisha kwa kidole gotini, kama watoto wake wa chuo wanavyofuatisha alifu.

Leo nimemaliza ngome ya nne, kioo kikatoa alama za ngome ya tano, nikamsomea imla. Nimempa daftari jipya na peni ya shule, zile za bei ya chini zinazovuja. Akalishika daftari kwa nyuma, upande wenye jedwali la kuzidisha. Nikamgeuzia. Akaligeuza tena. Nikamwacha. "Ndoana," nikasema. "Ngazi. Ngazi. Uma." Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka lakini ulikwenda, na ulimi nje. Alipomaliza akaongeza mikwaruzo kadhaa chini yake, kama anajaribu peni. Akagonga mkono wa kiti mara moja.

Nilifurahi mpaka nikampigia makofi. Chuoni alikuwa na fimbo ya kugongea meza. Kugonga moja maana yake sawa, endelea. Kugonga mbili, umekosea, anza tena.

Jumatano, 22 Machi
Alama zimekataa. Nimeziingiza kama alivyoziandika, mashine ikaguna. Nikarudia kwa makini, nikizitaja kwa sauti. Ikaguna. Baba alikuwa anagonga mbili, mbili, mbili, mpaka nikamwomba apumzishe mkono.

Nikarudi kwenye alama zangu za mwisho. Ngome ya nne.

Jumanne, 28 Machi
Tumemaliza ngome ya nne, nimemsomea imla, zimekataa. Mvua.

Jumamosi, 1 Aprili
Hakuna umeme. Choo cha uani kimejaa maji.

Alhamisi, 6 Aprili
Zimekataa kwa mara ya nne. Nilikuwa nimetoka darasani na watoto sabini na mbili, miguu imevimba, na Baba anagonga, mbili, mbili, mbili. Nikamfokea. Nikamwambia, "Baba, si wewe uliyekosea? Mbona unanigongea mimi?" Akanitazama. Akasema, "Bado," polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Sijawahi kumfokea baba yangu maishani. Nimeandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba sikufanya.

Jumatatu, 10 Aprili
Kokushubila ananiuliza mbona siandiki nakala yangu pembeni nikahakiki. Nimemwambia nikifanya hivyo kazi yake inakuwa maigizo, na yeye atajua. Akasema, "Basi mtakaa hapo ngome ya nne mpaka Krismasi."

Jumapili, 16 Aprili
Pasaka yao. Kokushubila ametuletea ndizi na nyama. Baba amekula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Alama zimekataa.

Alhamisi, 20 Aprili
Kifurushi kutoka kwa Farhan, kimeletwa na mtu aliyeshuka uwanja wa ndege akalala kwa ndugu zake Kipawa. Dawa za Baba, kanga mbili, na kaseti ya pili ya Ngome, ya mkono wa pili. Barua yake nimemsomea Baba:

"Dada Nusaiba, hii ya pili huna haja ya kuandika alama. Ndani ya kaseti mna betri ndogo kama ya saa, inahifadhi yenyewe. Ila mwanzoni itakuuliza kama ulimaliza ya kwanza. Ukiingiza alama zako za mwisho kabisa, msafiri wako anahamia na upanga wake. Usipoingiza, unaanza na mgeni asiyekuwa na kitu. Na wanasema ya tatu itahifadhi kwenye kadi, unaichomoa unatembea nayo mfukoni. Kuhifadhi kumekuwa rahisi sana siku hizi, mwambie Mzee."

Nilipofika hapo pa kuhifadhi, Baba alitoa sauti puani. Ilikuwa kama kicheko. Yeye alihifadhi kwa miaka sita, kwa bakora, huko Kilwa, na hakuna betri. Nilitaka kuamini kwamba amecheka kwa sababu ameelewa.

Jumatatu, 24 Aprili
Nimeweka ya pili. Samahani Baba, nimechoka. Nikaanza na mgeni asiyekuwa na kitu, nikamaliza ngome ya kwanza, kaseti ikahifadhi yenyewe bila kumuuliza mtu. Hakuna imla. Baba alikaa na daftari lake magotini na peni mkononi, akisubiri. Alipoona nimezima, akaandika mikwaruzo yake, akageukia ukutani.

Jumanne, 25 Aprili
Kaseti ya pili imesahau kila kitu. Betri imekufa, bila shaka ilikuwa imekufa tangu Dubai. Nimerudisha ya kwanza. Ngome ya nne. Baba amechukua peni yake kabla sijamwambia.

Jumapili, 30 Aprili
Kaka Sadallah ametukuta katikati ya imla. Akavua viatu, akakaa, akatazama. Sikuwa nimemwambia habari za gemu. Nikamweleza yote, kwamba ni mazoezi, kwamba Baba anaandika alama kumi na sita kwa kusikia tu.

"Na zinafungua?"

Nikaanza kuzungusha waya wa pedi.

"Nusaiba, zinafungua?"

"Bado," nikasema. Neno likanitoka lenyewe.

"Mmejaribu mara ngapi?"

"Nane."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akanishika bega akasema, "Mdogo wangu, unajiumiza. Mie simwonei Mzee. Lakini mara nane ni jibu." Kisha akaniambia kikao ni Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, na kwamba fundi ameshachora fremu.

Jumatano, 3 Mei
Leo nimekubali. Sijamwambia mtu, naandika tu. Labda ni kweli hayupo. Labda mkono unaandika kama mkia wa mjusi unavyocheza ukikatika. Zimekataa mara ya tisa, na Baba akagonga mbili zake, na mimi sikuinua hata kichwa.

Nimepitiwa na usingizi kwenye kiti, pedi mkononi, tangu saa tisa mpaka adhana ya magharibi. Nilipoamka nilikuta nimefunikwa kanga. Kokushubila anasema aliingia kuniuliza kuhusu maji, Mzee akamzuia kwa mkono, akamsukumia lile daftari usoni, akamwonyesha kanga. "Nikadhani ana kiu, nikampa maji. Akakataa. Ndiyo nikakufunika."

Jumatano, 10 Mei
Idi. Mvua tangu alfajiri. Watu wamekuja kumwamkia Baba. Kila mmoja amemwambia Idi njema, kila mmoja ameambiwa bado. Mmoja akanong'ona mlangoni, "Maskini, Maalim." Nilisikia, na Baba naye alisikia.

Alhamisi, 11 Mei
Bado ni sikukuu, shule imefungwa. Baada ya chakula cha mchana Baba amelala. Nikakaa mezani kusahihisha insha za darasa la tano. Nikafika kwa Yuliana. Mtoto huyu nampenda na ananichosha, anaandika kwa mkono wa kushoto na kurasa zake zote ni chafu. Mkono wa kushoto ukienda kulia unapita juu ya wino mbichi, na peni zetu zinavuja, basi kila mstari wake umeburuzwa, na ukingo wa kiganja chake ni wa buluu kuanzia asubuhi. Miaka kumi na tano nafundisha, sijaona anayetumia kushoto akatoa ukurasa safi. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Safisha kazi yako."

Daftari la Baba lilikuwa hapohapo mezani, limefunguka. Peni ileile, mkono wa kushoto uleule, na unatetemeka juu yake. Ukurasa ulikuwa safi. Hakuna doa.

Nikalitazama muda mrefu bila kuelewa ninachotazama. Kisha nikanyoosha mkono wangu wa kushoto hewani, nikaupeleka kulia, kama Yuliana. Halafu nikaurudisha, kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono ukawa unakimbia wino badala ya kuukanyaga.

Alikuwa anaanzia kulia. Bila shaka alikuwa anaanzia kulia! Mtu huyu herufi za kizungu amezitumia kusomea gazeti tu. Kuandika, maisha yake yote, ameandika kwa herufi za chuo, za Kiarabu: barua, hati za ndoa, majina yetu siku tulipozaliwa. Amepewa maandishi asiyoyajua, hakuna aliyemwambia yanaanzia wapi, akaanza pale ambapo maandishi huanza. Na daftari alilifungua kwa upande wa jedwali kwa sababu huko ndiko daftari linakofunguliwa. Nilimgeuzia, akaligeuza tena, na mimi binti yake niliyesoma chuo chake miaka saba nikamwacha kama anayemwachia mtoto. Kumi na sita, zote sahihi, na mimi nikaziingiza kuanzia mwisho. Mara tisa.

Na hapo ndipo nikaiona mikwaruzo. Chini ya kila imla. Nikaanzia upande wa kulia, kama alivyonifundisha, kwa kidole. Ilinichukua muda, kwa maana herufi zinatetemeka na tangu utotoni sijasoma Kiswahili kwa herufi hizo. Lakini ni Kiswahili.

Ya kwanza, ya Machi: "Kazi nzuri hii."

Ya pili: "Nusaiba unasoma kinyume. Anzia kulia."

Ya tatu: "Anzia kulia."

Ya nne, siku niliyomfokea: "Hajui kulia na kushoto na Serikali inamlipa afundishe. Amenifokea. Ana haki, usiku hapati usingizi."

Nyingine: "Uji una chumvi mno. Nimesema mara tatu." Nyingine, ya siku ya kaseti ya pili: "Hii inahifadhi yenyewe. Basi mimi wa nini." Nyingine: "Sadallah amekuja. Amenenepa."

Ya Jumatano ya wiki iliyopita haikuwa chini ya imla. Ilijaza ukurasa mzima, herufi kubwa, kama za kumsomesha asiyejua kusoma: "Nusaiba amechoka. Asiamshwe."

Ndiyo aliyokuwa anamsukumia Kokushubila usoni. Nililia, na sikulia kwa ustaarabu. Miezi miwili alikuwa anazungumza na mimi kila siku, na mimi nilikuwa nampa uji wenye chumvi. Hospitali pia, ile michirizi. Aliandika jina lake.

Nikawasha mashine. Nikachukua alama za mwisho, nikaanzia kulia: Ndoana, Ngazi, Kibiongo, mpaka ya kumi na sita. Haikuguna. Kioo kikawa cheusi, kikawaka, na msafiri alikuwa amesimama mbele ya ukuta mwekundu ambao sijawahi kuuona, na funguo zake nne kiunoni.

Sikumwamsha Baba. Nilimwacha msafiri amesimama, nikamuomba Mungu umeme usikatike, nikakaa chini karibu na kitanda. Alipofungua macho akakitazama kioo, kisha akanitazama mimi na macho yangu yaliyovimba. Akagonga ubao wa kitanda mara moja.

Jumamosi, 13 Mei
Kikao. Kaka Sadallah alikuja na mchoro wa fremu sita, karatasi iliyopigwa chapa, na kidau cha wino wa dole gumba. Kokushubila aliketi mlangoni kama shahidi, hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Sikusema neno kabla. Niliogopa nikisema nitalia, na Kaka angesema ni uchovu.

Alipomaliza kueleza, akauvuta mkono wa Baba kuelekea kwenye kidau. Nikakisogeza kidau pembeni, nikaweka peni na daftari, upande wa jedwali.

"Nusaiba, usianze."

"Mpe dakika tano, Kaka. Ukishindwa kusoma atakachoandika, jenga hata fremu kumi."

Baba akaandika. Mvua ilikuwa inapiga bati. Akaumaliza mstari, akalisukuma daftari kwa Sadallah, si kwangu.

Kaka akalitazama kama alivyoitazama karatasi ya hospitali. Kisha nikaona uso wake unabadilika. Akavaa miwani.

"Hii ni..." akasema. "Hii chei, herufi ya chuo." Akaanza kutafuta njia. "Chuo ki... chuo kipaki..."

Baba akagonga meza. Mbili.

Kaka Sadallah ana miaka arobaini na tisa, ana mvi, ana vijana wanne dukani wanaomwita bosi. Alikaa wima. Akaweka kidole upande wa kulia wa mstari.

"Samahani, Maalim," akasema, na akaanza tena, silabi kwa silabi, kwa sauti, bila kujua anakoelekea. "Chuo... ki-ba-ki. Sa-da-llah... a-ru-di... ku-so-ma."

Kokushubila ndiye aliyecheka wa kwanza. Mimi nikafuata. Kaka alibaki ameinamia daftari, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka mpaka alipovua miwani akafuta macho kwa kanzu ya Idi. Mchoro wa fundi ulikuwa umeanguka chini, hakuuokota.

Baba akagonga mara moja.

Jumapili, 14 Mei
Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Hakuna aliyeniamsha.